Kompyuta Inasingiziwa, Kosa Liko Ukutani

Kompyuta ya mezani inazimika kila friji inapoanza kunguruma. Mwenyewe anaibeba hadi kwa fundi wa mtaani, fundi anapiga Windows upya, anasugua RAM kwa kifutio na kuchukua ujira wake. Mashine inashinda dukani kutwa nzima bila tatizo. Ikirudishwa nyumbani, jioni ile ile inazimika tena. Safari ya pili inabadilishwa pawa saplai. Safari ya tatu mwenyewe anaambiwa bodi imechoka, atafute nyingine.

Mkasa wa namna hii ni wa kawaida Tabata na Mbagala kama ulivyo Kisauni na Kayole, na swali lililo wazi kuliko yote ndilo lisiloulizwa: mbona dukani ilikuwa nzima? Mashine inayofanya kazi kwenye soketi ya fundi na kugoma kwenye soketi ya nyumbani inaonyesha yenyewe mahali pa kuanzia. Kabla ya kununua kipuri chochote, mtu aangalie ukutani.

Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni volti 240, na kote huzunguka mara 50 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 20. Pawa saplai ya kawaida ina akiba ya kuvuka pengo la takribani muda huo huo tu. Pengo likirefuka kidogo, kompyuta inazimika au inajiwasha upya, na faili lililokuwa likiandikwa kwenye diski linaweza kuharibika. Watu waliokaa sebuleni huenda wasione taa ikipepesa. Ndiyo maana wanaapa kwamba umeme haujakatika, wakati kompyuta inajua kwamba ulikatika.

Friji inahusikaje? Mota yake inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inavyovuta ikishatulia. Nyumba yenye nyaya nzuri haitikisiki. Nyumba yenye waya mwembamba, au yenye skrubu iliyolegea nyuma ya soketi, volteji huporomoka kwa kitambo kidogo, na chochote kilicho kwenye njia hiyo hiyo huathirika.

Skrubu iliyolegea inastahili kuzungumziwa zaidi, maana hapo ndipo kompyuta inapokuwa mtoa habari wa hatari iliyo kubwa kuliko yenyewe. Pasi ya wati 2,300 huvuta ampea 10. Ikiwa mahali waya unapokutana na soketi pamelegea kiasi cha kuwa na ukinzani wa omu 1, volti 10 zinapotelea hapo, na wati 100 zinageuka joto hapo hapo. Hilo ni joto la balbu kubwa ya zamani lililofungiwa ndani ya kiboksi cha plastiki, nyuma ya pazia, karibu na godoro. Sakiti breka haitakata, kwa sababu ampea 10 kwake ni kazi ya kawaida. Fyuzi ya plagi haitaungua. Dalili ni ndogo ndogo: plagi inatoka ikiwa ya moto, soketi imeingia rangi ya kahawia, kuna harufu ya plastiki usiku, na kompyuta inajizima pasi ikiwashwa. Kwenye miji ya pwani upepo wa chumvi hula shaba na kuharakisha uharibifu huo, kwa hiyo soketi iliyofungwa vizuri miaka kumi iliyopita Kigamboni au Nyali si lazima iwe nzuri leo.

Halafu kuna ethi, waya wa njano na kijani ambao katika nyumba nyingi upo kwa jina tu.

Soketi za kwetu zina matundu matatu, kwa mtindo tuliorithi kwa Waingereza. Pini ya juu ni ndefu kuliko nyingine kwa makusudi: iguse kwanza, kabla ya laivu na nyutro, na ifungue vile vifuniko vidogo vinavyozuia mtoto asichomeke msumari. Watu wamegundua kwamba kalamu au kijiti kikisukumwa kwenye tundu la juu, plagi yoyote ya pini mbili inaingia. Kompyuta zilizotumika zinazotoka Ulaya mara nyingi huja na waya wenye plagi ya pini mbili za duara, ambayo ethi yake iko ubavuni. Ikisukumwa kwa kijiti, au ikipitishwa kwenye adapta ya bei rahisi isiyogusa ubavu huo, kompyuta inawaka vizuri kabisa. Ethi ndiyo imebaki nje.

Kinachofuata wengi wamekionja. Mtu yuko peku kwenye sakafu ya saruji, anagusa kasha la kompyuta, anahisi mtekenyo au mchomo mdogo. Anasema mashine inanasa, pengine imeingia unyevu. Hapana unyevu. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita ndogo, moja kati ya laivu na kasha la chuma, nyingine kati ya nyutro na kasha hilo hilo. Kazi yake ni kupeleka ardhini vurugu za masafa ya juu zinazozalishwa na mashine yenyewe. Ethi isipokuwapo, kasha linakaa katikati ya laivu na nyutro, takribani volti 115. Mkondo unaopita ni mdogo sana na kwa kawaida hauui mtu. Unaua vitu vingine. Mtu anapochomeka kebo ya HDMI kutoka kwenye kompyuta hiyo hadi kwenye televisheni, au kebo ya printa iliyo kwenye soketi nyingine, umeme huo hutafuta njia kupitia waya mwembamba wa data. Tundu la HDMI likifa kwa namna hiyo, lawama humwangukia mtengenezaji wa televisheni.

Lililo baya zaidi linakuja siku waya wa laivu ukichubuka na kugusa kasha. Pale penye ethi nzuri, mkondo mkubwa unakimbilia ardhini na breka inakata. Pasipo na ethi hakuna kinachokata. Kasha linakaa na volti 230 likimsubiri wa kwanza kuligusa.

Wengi hujibu kwamba wameshanunua UPS, au ekstensheni yenye kinga. Vifaa hivyo vina faida, na mwenye kazi muhimu anahitaji UPS. Lakini kinga ya ekstensheni hutegemea ethi kwa sehemu kubwa ya kazi yake, kwa sababu ardhini ndiko inakotakiwa kuumwaga umeme wa ziada. UPS nayo hupitisha ethi ya ukutani kama ilivyo. Ukuta usipokuwa nayo, UPS haiwezi kuizalisha. Katika nchi ya radi za kila mara, kama ilivyo pande zote za Ziwa Victoria kuanzia Bukoba hadi Kisii, kununua kinga bila kupima ethi ni kutupa pesa.

Shirika la umeme nalo lina sehemu yake, na si haki kumtwisha mwenye nyumba kila kitu. Waya wa nyutro ukikatika kwenye nguzo au ukilegea kwenye transfoma, nyumba zilizogawiwa fezi tofauti zinajikuta zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe, na nyumba yenye vifaa vichache inaweza kupokea volti zaidi ya 300. Hapo televisheni, chaja na kompyuta za mtaa mzima huungua kwa dakika chache. Hata umeme unaporudi baada ya kukatika kwa muda mrefu, kama ilivyokuwa Kenya baada ya giza la Agosti 25, 2023, volteji inaweza kuyumba kabla ya kutulia. Kwa hali hizo kifaa kinachokata umeme volteji ikipita kiasi, na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha, kile ambacho madukani huuzwa kwa ajili ya friji, kinalinda kompyuta pia. Na kuchomoa plagi hakugharimu kitu.

Lakini kilicho ndani ya kuta ni cha mwenye nyumba, na hapa ndipo pana pengo ambalo haliwezi kuzibwa na mpangaji. Sheria zipo. Tanzania, anayeomba kuunganishiwa umeme anatakiwa awe na mchoro wa nyaya uliothibitishwa na mkandarasi mwenye leseni, na leseni hizo hutolewa na EWURA; Kenya kazi hiyo ni ya EPRA. Shida ni kinachotokea baada ya mita kufungwa. Nyumba inaongezwa vyumba viwili uani, kisha fremu ya duka mbele, kisha banda la kuku lenye taa za joto. Kila nyongeza inaunganishwa na mtu anayeitwa kishoka, au na kijana wa jirani mwenye testa, kwa kuchota umeme kwenye soketi iliyo karibu. Nyaya za milimita mraba 1.5 zilizokusudiwa taa zinabebeshwa jiko. Hakuna anayerudi kukagua. Ethi rodi iliyopigwa siku ya kwanza inaweza kuwa imekatwa na mchimba msingi, na hakuna atakayejua, kwa kuwa taa zinaendelea kuwaka.

Wapo pia wanaounganisha nyutro na tundu la ethi kwa kipande cha waya nyuma ya soketi, ili kipimo kionyeshe kwamba ethi ipo. Huo ni uhalifu, hata ukifanywa kwa ujinga. Siku nyutro hiyo ikikatika, kila kasha la chuma lililochomekwa hapo linapata umeme kamili.

England imeshapita njia hii. Tangu Julai 1, 2020 kwa mikataba mipya, na Aprili 1, 2021 kwa iliyokuwapo, mwenye nyumba wa kupangisha analazimika kuhakikisha nyaya zinakaguliwa na mtu mwenye sifa angalau kila baada ya miaka 5, na mpangaji apewe ripoti. Atakayesema hayo ni mambo ya matajiri akumbuke kwamba ukaguzi wa nyumba ya vyumba sita ni kazi ya saa chache: kukaza skrubu, kupima ukinzani wa ethi, kuhakikisha laivu na nyutro hazijabadilishana, kuangalia unene wa waya. Gharama yake ni ndogo mbele ya kodi ya miezi sita ambayo mpangaji hudaiwa kabla hajapewa ufunguo.

EWURA na EPRA ziweke utaratibu kama huo, zianze na nyumba za kupangisha na hosteli za wanafunzi, mahali ambapo kompyuta, pasi na majiko ya umeme hubanana kwenye soketi moja. Wakati hilo likisubiriwa, mpangaji anayo haki ya kumwomba mwenye nyumba waiangalie bodi ya umeme pamoja kabla ya kusaini mkataba. Watafute kifaa kinachokata umeme unaovuja wa miliampea 30, chenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Kikibonyezwa, umeme wa soketi unatakiwa ukatike papo hapo. Usipokatika, kifaa hicho kibadilishwe kwa gharama ya mwenye nyumba, na kama hakipo kabisa, kifungwe, pamoja na ethi iliyopimwa na fundi mwenye leseni, kabla kodi haijalipwa.