Cheti si Saini

Mimi ni mpenzi wa Star Trek, ile ya kwanza kabisa iliyoonyeshwa kwenye runinga Marekani kati ya 1966 na 1969. Kwa hivyo hamtashangaa nikisema kwamba picha ninayoitamani kuliko zote ni ya Nichelle Nichols, aliyeigiza Luteni Uhura, ikiwa na saini ya mkono wake. Jina hilo Uhura limetokana na neno letu uhuru. Nichols alifariki Julai 2022, kwa hivyo hakuna picha nyingine atakayoitia saini. Lakini kwenye minada ya mtandaoni hazikauki, na nyingi huja na "cheti cha uhalisi".

Maoni yangu ni haya: cheti peke yake hakithibitishi saini. Kinathibitisha tu kwamba kuna mtu aliyechapisha cheti.

Mnabisha? Mwaka 2000 FBI walitangaza matokeo ya Operation Bullpen. Genge lililokuwa na makao yake California lilikuwa likighushi saini za wanamichezo na watu wengine maarufu, na waliotoa vyeti walikuwamo ndani ya biashara hiyo. Mwaka 2022 wachapishaji Simon & Schuster waliuza kitabu cha mwanamuziki Bob Dylan kwa dola 599, kila nakala ikiwa na barua ya kuthibitisha saini. Kumbe saini zilikuwa za mashine! Wakalazimika kuwarudishia wanunuzi pesa zao.

Sisi waandishi wa programu tunalijua tatizo hili. Ukifungua tovuti ya benki, kivinjari chako hukagua cheti chake na kuuliza kimetolewa na nani. Mwaka 2011 kampuni ya Uholanzi, DigiNotar, ilivamiwa na wadukuzi wakatoa vyeti bandia, kimojawapo cha Google. Vivinjari vikaiondoa kwenye orodha ya wanaoaminika, na kabla ya Septemba kwisha ikafilisika. Cheti cha karatasi nani atakifuta? Kitabaki kwenye fremu hata kama aliyekitoa yuko jela.

Tena, saini ya kidijitali hukokotolewa kutokana na waraka wenyewe. Badilisha herufi moja tu na inakataa. Stika inayong'aa haina uwezo huo. Ukiingiza namba yake kwenye tovuti, unajibiwa kwamba namba inajulikana. Kama kumbukumbu hiyo haina picha ya saini yenyewe, utajuaje kwamba stika haikutengenezwa upya na kubandikwa kwingine?

Kuna watakaosema wataalamu hulinganisha saini kwa makini. Ni kweli, na ninaheshimu kazi yao. Lakini wanachotoa ni maoni. Ushahidi ulio bora ni wa aliyekuwepo. Kampuni kama Beckett na PSA huweza kumweka mtu wao mezani mwigizaji akitia saini, na stika ikabandikwa hapo hapo. Hiyo ndiyo ningeilipia.

Nyumbani pia kuna kipimo rahisi. Mkono wa binadamu haurudii saini sawasawa mara mbili. Nilichukua picha mbili za muuzaji mmoja, nikazilaza moja juu ya nyingine kwenye tarakilishi. Saini zilikaliana kama kitu na kivuli chake. Hiyo ni mashine au chapa. Nilipomuuliza, alinitumia nini? Cheti kingine.

Kwa sisi tulio Nairobi jambo hili lina uzito zaidi. Tunanunua kwa dola, tunalipia usafiri na ushuru, na kurudisha mzigo ni gharama juu ya gharama. Kwa hivyo kabla hujalipa, muulize muuzaji swali moja: nani alikuwepo saini ikitiwa? Akikujibu kwa kukuonyesha cheti, funga ukurasa uende zako.