Nani takataka?

Jumamosi nilikaa juu ya jiwe kando ya ziwa, hapa Mwanza, tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Mshipi mmoja, ndoana ndogo, kopo la nyungunyungu. Nikapata furu kumi na mmoja na sato mmoja wa kiganja. Jamaa mmoja akapita, akachungulia ndoo, akacheka: "Bwana mdogo, siku nzima unavua takataka?"

Naandika kumjibu, maana neno lile si lake. Ni la wakoloni. Wataalamu wao ndio waliowaita furu samaki takataka, eti wadogo, wana miiba, hawana soko. Wakataka samaki mkubwa wa kuuza na wa kuvua kwa starehe. Sangara akamwagwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Ziwa lilikuwa na aina za furu zipatazo 500. Miaka ya 1980 sangara akafumuka, na aina nyingi mno zikatoweka.

Sikatai, sangara kajenga nyumba, kasomesha watoto. Lakini hebu tuhesabu sawasawa. Furu unamwanika juani bure. Sangara ana mafuta, anataka moshi, na moshi unataka miti. Wapo furu waliokula konokono, na kichocho hupitia kwa konokono. Minofu ya sangara hupanda ndege kwenda Ulaya, mabondo yake huuzwa bei ya kutisha, na mlalahoi wa hapa hapa ziwani anunue mapanki: kichwa na mifupa! Sasa takataka ni ipi?

Tena mwaka 1985 wataalamu walimpa furu mmoja wa miamba ya huku jina la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Ulaya watu humnunua wamtazame ndani ya kioo. Sisi tunamcheka ndani ya ndoo.

Na ninyi waandishi vijana wenzangu, msijifiche. Mashairi yetu ya ziwa yamejaa mawimbi na machweo, furu hayumo. Baadhi yao wameanza kurudi tangu miaka ya 1990. Tutawamaliza tena kwa neno lile lile, maana kitu ukishakiita takataka, kukifagia si dhambi.

Mama aliwakaanga wote. Hakuna aliyebakiza hata mkia. Jamaa yangu, karibu Jumamosi ijayo. Njoo na ndoana yako. Neno lako liache nyumbani.