Bei ya tembo la mnazi ifuate ladha

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa wauzaji wa Dunda, Bagamoyo, methali hii ni somo la uchumi: tembo safi na la maji yakiuzwa bei moja, anayeumia ni mgema mwaminifu.

Kulipima si kazi ngumu. Likishushwa mnazini huwa tamu. Hamira ya asili huanza kazi ndani ya saa chache, sukari ikageuka kileo. Utamu hushuka, ukali hupanda. Likikaa zaidi, huelekea kuwa siki. Tembo lisilo tamu wala kali wala chachu, hilo limetiwa maji.

Kwa hiyo muuzaji atenge vyombo kwa saa ya kugema, na kila daraja liwe na bei yake. Lililochacha liuzwe kama siki ya jikoni, lisimwagwe.

Mwenye shamba naye apige hesabu. Mnazi mrefu hutoa karibu karara moja kwa mwezi, na karara linalogemwa halizai nazi. Mauzo ya tembo yasipozidi thamani ya nazi hizo pamoja na ujira wa mgema, ni heri angoje nazi.