Leseni ya Songo Songo na haki ya mwenye mali

Leseni ya kuendeleza gesi asilia ya Songo Songo ilitolewa Oktoba 2001 kwa muda wa miaka 25, na kikomo chake kikaandikwa kuwa Oktoba 2026. Tarehe hiyo haikuzuka jana. Imo katika maandishi tangu siku mkataba ulipotiwa saini. Lakini imekuwa desturi yetu kuziacha tarehe za namna hii mpaka zitubishie hodi, ndipo vikao viitishwe usiku na mchana. Tunaona kuwa safari hii jambo lenyewe linastahili kuzungumzwa hadharani, na wakazi wa kisiwa hicho wakiwamo.

Yafaa kwanza tukumbushane mali hii ni ya nani. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani, kama vile Texas, mwenye shamba aweza kuwa ndiye mwenye mafuta yaliyo chini ya shamba lake. Humkodisha mchimbaji kwa miaka michache; muda ukipita bila kisima kutoa kitu, haki humrudia mwenyewe, naye ni huru kupatana na mwingine kwa masharti mengine. Kisima kikizidi kutoa kwa faida, mkataba nao huendelea. Kwetu sivyo. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 imeiweka mali yote ya petroli mikononi mwa Jamhuri ya Muungano kwa niaba ya wananchi. Mvuvi wa Songo Songo hana kisima cha kukodisha. Anaye mdhamini tu, ambaye ni Serikali. Naye mdhamini hudaiwa hesabu.

Wako wanaodhani kuwa leseni ni ya kampuni ya kigeni. La hasha. Leseni ni ya Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC), na kampuni ya PanAfrican Energy Tanzania huzalisha gesi chini ya mkataba wa kugawana uzalishaji na shirika hilo na Serikali. Kwa hiyo ombi la kuongeza muda ni la TPDC kupeleka au kutopeleka. Hilo si jambo dogo. AGIP ya Italia ilipoigundua gesi hiyo mwaka 1974 iliiona haina faida ya biashara ikaiacha, na ni shirika letu lililoendelea kuchimba visima kwa fedha ya umma. Miaka 30 ikapita kabla gesi haijaanza kutiririka, mwaka 2004, kupitia bomba la chini ya bahari hadi Somanga Funga na kutoka huko hadi Dar es Salaam.

Hatari kubwa ya leseni inayokaribia mwisho haionekani kwa macho. Mpangaji anayejua kuwa atahama mwezi ujao hapaki chokaa. Hali kadhalika mwekezaji asiye na hakika ya kubaki hatatia fedha katika kisima kipya au katika kukarabati visima vikuukuu, kwa sababu faida yake itavunwa na mwingine. Nayo gesi haingoji vikao. Kadiri inavyotolewa, ndivyo msukumo wake chini ya ardhi unavyopungua. Kila mwaka wa kusitasita hulipwa na mwenye mali.

Je, muda uongezwe? Hatuungi mkono nyongeza itolewayo kwa mazoea, masharti yakiwa yale yale ya 2001. Wakati ule nchi ilikuwa na njaa ya umeme na haikuwa na nguvu ya kujadiliana. Leo bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na tangu 2015 TPDC ina mtambo wake wa kusafisha gesi kisiwani humo humo. Hatuwaungi mkono pia wale wasemao kila kitu kichukuliwe kesho asubuhi, kana kwamba kisima hujichimba chenyewe. Viwanda na magari yanayotumia gesi havitatosheka na hotuba. Kama nyongeza italazimu, basi iwe fupi, ifungwe na kazi zinazotajwa kwa idadi na tarehe, na wataalamu wetu wakabidhiwe takwimu zote za visima kabla ya saini, si baada yake.

Liko jambo jingine ambalo twahofu litasahauliwa. Mkataba wa 2001 ulifanywa chini ya sheria ya 1980. Sheria ya 2015, inayotaka pawepo mpango na mfuko wa kufunga visima na kuondoa mitambo, ilikuja safari ikiwa katikati. Nani basi atakayelipa siku visima vitakapokauka? Wizara na Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli (PURA) hawana budi kulijibu swali hilo kwa maandishi. Fedha isipotengwa wakati gesi ingali inauzwa, chuma kitaachwa kioze penye maji wanamovua watu.

Kuhusu ushuru wa huduma unaolipwa Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa, tutasema machache: wakazi wa kisiwa wana haki ya kujua ni kiasi gani kimepokewa na sehemu gani imevuka bahari kuwarudia. Yaliyotokea Mtwara mwaka 2013, ambapo watu walipoteza maisha katika ghasia za kupinga bomba la gesi, yalianza kwa wananchi kuona kuwa wanapitwa na mambo yaliyo mlangoni mwao.

Sheria ya uwazi na uwajibikaji katika madini, mafuta na gesi, ya mwaka 2015, inamtaka Waziri atangaze mikataba na leseni. Twaomba masharti ya Songo Songo yatangazwe kwa Kiswahili, kisha maofisa waende kuyaeleza kisiwani penyewe, si Kilwa Masoko. Na mkutano huo upangwe siku za maji mafu. Wakati wa bamvua wavuvi wa pweza, wanawake kwa wanaume, huwa miambani.