Vyaelea Vimeundwa: Tumlipe Fundi au Dalali?

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Programu tunazozitumia katika tarakilishi zetu kuandikia tasnifu, kuchorea na kutunzia hesabu nazo zimeundwa na watu. Je, tunapozinunua, tumlipe fundi mwenyewe au tupitie kwa dalali?

Dalali ninayemkusudia ni duka la programu la mtandaoni. Kampuni ya Apple ilifungua duka la programu za simu mwaka wa 2008 na la tarakilishi za Mac mwaka wa 2011. Katika kila dola 100 za mnunuzi, duka lilijikatia 30. Tangu 2021, wauzaji wadogo wanaojisajili hukatwa 15. Si haki kumbeza dalali huyu. Yeye hukagua bidhaa, hupokea malipo na kumdhamini fundi tusiyemjua.

Hata hivyo, tatizo kuu si ushuru, bali ni ukuta unaojengwa baina ya fundi na mteja. Mnamo Novemba 2015, cheti cha usalama cha duka la Mac kilipoisha muda, programu zilizokwisha kulipiwa zilikataa kufunguka, na mafundi hawakuwa na la kufanya. Mwezi uliofuata, waundaji wa Sketch, programu ya usanifu, walilihama duka hilo. Walilalamikia ukaguzi uliojikokota na kutoweza kuwapunguzia wateja wa zamani bei ya toleo jipya.

Huenda msomaji akauliza: itakuwaje fundi akiwa laghai, au programu ikiwa na virusi? Hofu hiyo ina mashiko. Kwa hiyo, tusiyemjua tumnunulie dukani. Lakini tunayemjua, ambaye tovuti yake ni halisi na barua zetu huzijibu, ana haki ya kulipwa mkononi.

Suala hili latuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili. Programu ya kusahihisha tahajia yetu au kamusi ya runununi yaelekea kuundwa na kijana mmoja mwenye wateja wachache. Kwake, hata shilingi 15 katika kila 100 ni nyingi, na rai ya mteja ni hazina. Nasi, tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, tumezoea kumlipa mtu moja kwa moja. Basi tusimsifu muunda jahazi kwa maneno matupu huku nauli yote tukiipitisha kwa mwenye bandari.