Kabla Hujamfungulia Moyo, Muulize Leseni

Haya wapenzi, mwezi huu tuseme lile ambalo wengi hulikwepa. Mnalala kitanda kimoja lakini mmepeana mgongo. Au mwenzio amepoteza kazi, hali, halali, ukimgusa anafoka. Hatimaye mmekubaliana mtafute mtu wa kuwasaidia. Hongera, hapo mmevuka mlima! Sasa swali: mtu gani?

Mjini siku hizi kila mtu ni mshauri. Dada mmoja ninayemfahamu alikwenda na mumewe kwa “mtaalamu wa ndoa” aliyesifiwa mtaani. Akalia, akaeleza jinsi mimba ilivyomharibikia kabla hajaolewa. Wiki mbili baadaye hadithi hiyo akaisikia kinywani mwa wifi yake. Yule bwana hakuwa na leseni yoyote. Umshtaki kwa nani?

Hapa Kenya sheria ipo. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni. Mwenye leseni akikukosea, una mahali pa kupeleka malalamiko.

Msichanganye mambo pia. Daktari wa magonjwa ya akili kwanza ni daktari, na anaweza kukuandikia dawa. Mwanasaikolojia kazi yake ni mazungumzo na vipimo vya kisaikolojia. Akianza kukuuzia tembe, chukua mkoba wako uende.

Utampata wapi? Anzia karibu. Ulizeni hospitali ya rufaa ya kaunti yenu, au daktari wenu wa kawaida awaelekeze. Ulizeni kampuni ya bima kama kadi yenu inalipia ushauri. Kazini nako, waajiri wengine hulipia vikao kadhaa bila bosi kuambiwa mlichozungumza. Mkiogopa kuonwa na majirani, nendeni mtaa mwingine, au muulize kama anafanya vikao kwa simu.

Kabla ya kikao cha kwanza, muulize haya:

Jina lako kwenye leseni ni lipi, na leseni ni halali hadi lini? Umesomea nini, na wapi? Umewahi kusaidia watu wenye shida kama yetu? Kikao ni pesa ngapi? Siri zetu utazitunzaje?

Hilo la mwisho lisikilize vizuri. Mkweli atakwambia siri ina mpaka: akiona uhai wako au wa mtu mwingine uko hatarini, itambidi aseme. Kisha hakikisheni jina lake kwa bodi yenyewe. Cheti cha ukutani peke yake hakitoshi.

“Si nitaonekana mjuaji?” Jameni! Mkikodi nyumba mnauliza maji, umeme, mlinzi, hata jirani wa juu. Leo unakabidhi ndoa yako, unaona haya kuuliza? Mtaalamu wa kweli hakasiriki kuulizwa. Anayekasirika amekwisha kukujibu.

Neno moja zito. Mwenzio akianza kusema afadhali afe, usisubiri miadi wala usimwache peke yake. Mpeleke hospitali, idara ya dharura, saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku wa manane. Maswali ya leseni yatangoja.

Haya, shikaneni mikono. Tukutane mwezi ujao.