Tupime Kabla ya Kulaumiana



Siku hizi majumbani mwetu kuna swali halishi: "Nani kamaliza bando?" Ni swali dogo, lakini limeshaleta ugomvi wa mume na mke, na watoto wameshagombezwa kwa makosa yasiyo yao. Sisi tunasema bando la nyumbani lihesabiwe kama tunavyohesabu mchele na unga. Huo si ubahili.

Kwetu tunaweka GB 40 kwa mwezi kwenye rauta. Miezi miwili mfululizo zikaisha tarehe 18. Kwanza tukaituhumu kampuni. Kisha tukamgeukia binti yetu wa kidato cha tatu, kwa kuwa yeye ndiye anayekaa na simu baada ya Isha, anasoma. "Wallahi mama, si mimi," alisema. Hatukumsikiliza. Tukabadilisha neno la siri la waifai, akawa anakwenda kwa shoga yake kunakili masomo kwa mkono.

Bando jipya likaingia, yeye hana ruhusa, na GB zikaendelea kuyeyuka vile vile. Ndipo tulipofungua sehemu ya matumizi ya data kwenye simu yetu ya kazi. Mlaji alikuwa humo humo! Kila siku tunapiga picha na video za nguo za wateja, na simu ikifika nyumbani inazipeleka zote kwenye hifadhi ya mtandaoni. Simu nyingi huchukulia kwamba waifai haina kikomo, kwa hiyo kazi nzito kama hizo na kusasisha programu huzisubirishia waifai. Kumbe waifai za wengi wetu hapa visiwani ni bando lile lile la kuhesabu, ila limewekwa kwenye rauta.

Tulimwomba radhi binti yetu. "Haidhuru mama," akasema, lakini uso wake ulionesha kuwa imemuuma.

Mwenyezi Mungu ametutahadharisha na dhana katika Surat Al-Hujurat, aya ya 12, na ametukataza ubadhirifu katika Surat Al-Israa, aya ya 26 na 27. Sisi tuliingia katika yote mawili kwa kukosa kupima. Na kupima ndiyo kazi yetu! Fundi gani anakata kitambaa cha mteja kwa kukisia?

Sasa kila Ijumaa asubuhi tunaangalia salio na kuliandika kwenye daftari la matumizi ya nyumba, pamoja na sukari na mafuta. GB 40 ni kama GB 10 kwa wiki. Zikienda 15, tunatafuta sababu mapema, hatusubiri likatike. Kwenye simu za Android tunaangalia pia ni programu gani imekula zaidi kupitia waifai. Tumeiambia simu kwamba waifai ya nyumbani inapimwa, ili isipakie mambo makubwa bila ruhusa. WhatsApp tumeizuia kushusha video zenyewe, maana makundi ya harusi peke yake yanatosha kumaliza bando. Na video za watoto tumezishusha ubora. Katuni inaonekana vizuri tu kwa 480.

Wapo watakaosema huku ni kuchunguzana. Hapana. Tunaangalia kiasi kilichotumika, hatuangalii mtu alitazama nini. Na tunaanza na simu ya mama, kisha ya baba, watoto mwisho.

Mwezi uliopita bando lilifika tarehe 29, na neno la siri binti yetu tumemrudishia. Dada zetu, kabla hamjamnyanyulia mtoto sauti, fungueni kwanza simu zenu wenyewe.

Allah atujaalie uadilifu ndani ya nyumba zetu. Aamin.